Miwani ya Milioni Mbili, Kichwa Bila Helmeti

Haya wadau, jina kapuni kama kawaida yetu. Tuseme tu ni staa wa Bongo mwenye wafuasi wa kuujaza Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi pale Tabora mara kadhaa, na wengine wakabaki nje getini. Alikwenda huko kwa shoo. Asubuhi yake akaazima baiskeli, akavaa ile miwani mipya yenye skrini ndani ya kioo, akachapa pedeli kuelekea Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone. Klipu ina dakika moja na nusu hivi. Kila kitu unakiona kwa macho yake: usukani, barabara, miembe, watoto wa shule wanampungia mkono. Na muda wote anatusomea kwa sauti meseji zinazomuingia kwenye kioo. Huyu kasema nimependeza. Huyu anauliza kiingilio bei gani.

Katikati ya klipu kuna mzee mbele yake, baiskeli imebeba magunia mawili ya mkaa, anaenda taratibu. Staa wetu anashtuka akiwa ameshamfikia. Anakwepa kulia bila kugeuza shingo, na papo hapo inasikika honi ya lori kutoka nyuma, ndeeefu. Lori linapita. Jamaa anacheka, anasema Tabora mnatisha, maisha yanaendelea, laiki zinamiminika.

Wapo waliomsema, na akawajibu. Jibu lenyewe ni moja tu: mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani, sio kama nyie mnaoendesha huku mmeshika simu. Mashabiki wakaona ameua mjadala.

Hapo ndipo na mimi nataka kutia neno, kwa sababu naiona ile hoja ya mikono ikianza kusambaa, na ni hoja tamu. Inasikika kama usalama. Na tumpe haki yake: kuendesha baiskeli kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu ni ujinga mkubwa zaidi, breki unazipunguza nusu na balansi unaipoteza. Kwa hilo miwani inaishinda simu. Lakini ile simu haikuwa hatari kwa sababu ya mkono peke yake. Jicho lilikuwa kwenye skrini, na akili ilikuwa kwa aliyetuma meseji. Ukihamisha skrini kutoka kwenye kiganja kwenda kwenye kioo cha miwani, umerudisha mkono. Jicho na akili bado viko kulekule.

Kuna watu wanadhani kwamba kwa kuwa maandishi yanaelea mbele ya barabara, basi unaviona vyote viwili kwa pamoja. Hili walishalipima kwa marubani zamani sana. Mwaka 1980 watafiti wa NASA kule Marekani waliwaweka marubani wazoefu kwenye mtambo wa kuigiza kutua. Taarifa za ndege zilioneshwa kwenye kioo mbele ya macho yao, juu kabisa ya picha ya uwanja, ili wasihangaike kuinamisha kichwa. Halafu, bila kuwaambia, wakaweka ndege nyingine katikati ya njia ya kutua. Baadhi ya wale marubani hawakuiona. Waliendelea kushuka kana kwamba njia ni nyeupe. Ndege nzima, mbele ya macho, na macho yako wazi! Jicho linaweza kuangalia kitu na akili isikipokee, kwa sababu akili inasoma kingine. Kama rubani aliyefunzwa miaka haioni ndege, wewe unayesoma "kaka shoo saa ngapi" unategemea kuliona shimo?

Tupige hesabu kidogo, haina ugumu. Baiskeli ya mwendo wa kawaida, kilomita 20 kwa saa, inakwenda mita 11 ndani ya sekunde mbili. Sekunde mbili ndio meseji fupi kabisa. Lori linalokuja nyuma yako kwa kilomita 80 kwa saa, ndani ya sekunde hizohizo mbili, limekula mita 44. Kwa hiyo unapomaliza kusoma, barabara uliyokuwa unaijua haipo tena, kuna nyingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijaona mtu yeyote akilisema, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote kwa sisi wa huku. Hizi miwani, skrini iko jicho gani?

Google Glass, ile ya mwanzo iliyotoka 2013, kioo chake kidogo kilikaa juu ya jicho la kulia. Recon Jet, iliyotengenezwa mahsusi kwa waendesha baiskeli na wakimbiaji, kulia. Hii inayotamba sasa, Meta Ray-Ban Display, iliyoanza kuuzwa Marekani Septemba 2025 kwa dola 799, skrini yake ni moja na iko kwenye kioo cha kulia. Kwa Mmarekani hilo halina shida sana. Kule wanaendesha upande wa kulia wa barabara, magari yanampita mwendesha baiskeli kushotoni. Jicho lake la kulia linatazama mtaro na vichaka. Hata likizibwa kidogo, hatari inakuja kutoka upande mwingine.

Sisi tunaendesha kushoto. Kila kinachokupita, iwe Noah, bodaboda, basi la Mwanza au lori la tumbaku la Urambo, kinakupita kulia. Ukitaka kumkwepa mtu mbele yako, unahamia kulia. Unapokata kona ya kulia ndipo unapovuka njia ya wengine. Yaani jicho ambalo mtengenezaji ameamua kuliwekea skrini ndilo hilohilo tunalolitegemea kuishi. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Walitengeneza kwa ajili ya barabara zao, sisi tukanunua kama kilivyo.

Na sio nadharia tupu. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha vipimo vya watu waliovaa Google Glass. Walikuwa watatu tu, kwa hiyo tusiikuze kupita kiasi, lakini wote walikutwa na sehemu ya uoni iliyozibwa, na ilikuwa upande wa juu kulia. Hapo walikuwa wametulia kwenye chumba cha vipimo. Hawakuwa kwenye baiskeli na jua la Oktoba linachoma, vumbi la basi lililopita sasa hivi likiwa bado linaelea.

Rudia sasa ile klipu. Aliposhtuka alikwepa wapi? Kulia. Lori lilipita wapi? Ndiyo hivyo.

Jambo lingine ni la uso. Yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli Tabora anajua kuwa barabara zetu zinaendeshwa kwa macho kuliko kwa alama. Unatoka uchochoroni Ng'ambo au Isevya, unamtazama jamaa wa bajaji, naye anakutazama, mmeshaelewana nani apite. Mama mwenye beseni la maembe anakuangalia usoni kabla hajavuka. Mtu anayesoma simu kila mtu anamjua, kichwa kimeinama, hivyo watu wanamkwepa kama mlevi. Mwenye miwani ya skrini kichwa kiko juu, uso umeelekea mbele, na mwanga wa skrini kwa mtu wa nje hauonekani. Mama anasema huyu kaniona. Anavuka. Kumbe mwenzake yuko kwenye komenti ya saba.

Hili linaniudhi kuliko yote, nikiri. Unapoamua kusoma huku unaendesha, uamuzi ni wako. Lakini unamnyima na yule mwingine nafasi ya kujilinda, maana umempa ishara ya uongo. Na yule mwingine, kwenye barabara za Unyamwezi, mara nyingi ni mtu mwenye mzigo. Baiskeli kule sio mazoezi ya Jumamosi asubuhi. Ni abiria kwenye keria, ni madumu ya maji, ni kuni, ni mkaa unaoletwa mjini kutoka vijiji vya mbali, mtu katoka na giza. Baiskeli yenye magunia mawili haikwepi. Ukiyumba mbele yake, yeye ana machaguo mawili tu, akugonge wewe au aangushe mzigo mtaroni, na gunia likipasuka hakuna mfuasi wa kumlipa.

Halafu hii habari ya vitu vya kichwani ichekeshe kidogo. Tabora ni mji wa watu waliobeba kichwani. Kabla ya reli, Wanyamwezi walitoka hapa Unyanyembe wakiwa wapagazi hadi Bagamoyo na pembe za ndovu, wakarudi na vitambaa na shanga, vichwani na mabegani. Burton aliondoka Pwani mwishoni mwa Juni 1857, akafika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya siku 130 za kutembea. Njia yenyewe kijia chembamba, watu mstari mmoja, na mbele kabisa kirangozi ambaye kazi yake ni kuijua na kuitazama njia. Watu walibeba kila kitu kwenye zile safari, jamani. Machoni hakuna aliyeweka mzigo.

Najua kuna wanaosema, wewe mwandishi unapigia kelele miwani ya milioni mbili, nani Tabora anayo? Kwa bei hiyo unanunua baiskeli kadhaa na chenji inabaki. Sawa. Lakini smartphone nazo zilianza kwa mastaa, mkasema ni za wenye hela, leo kila dereva wa bodaboda ana moja kifuani. Miwani yenye kamera na spika tayari ipo mitandaoni kwa bei za kila aina, na za skrini zitafuata njia hiyohiyo. Vilevile, kinachoigwa kwanza sio kifaa, ni kitendo. Dogo wa Cheyo hana miwani, lakini amemuona staa anaongea na mashabiki huku anaendesha, basi atafunga simu yake kwenye usukani kwa mpira wa tyubu na kufanya laivu. Tabia inafika mapema kuliko mzigo kutoka Dubai.

Wenzetu walishaonja haya. Februari 2024, Apple Vision Pro ilipoingia sokoni kwa dola 3,499, hata wiki haikuisha zikaanza kuzagaa video za watu wanaoendesha magari wakiwa wameivaa usoni kama kinyago, mikono inachezea hewa. Waziri wa Uchukuzi wa Marekani wakati ule, Pete Buttigieg, ikabidi aandike mtandaoni kuwakumbusha madereva kwamba wanatakiwa kuwa makini na uendeshaji muda wote. Waziri mzima! Baadhi ya zile video zilikuwa kiki tu, kama hii yetu inavyoweza kuwa kiki. Lori halijui kama ni kiki.

Wengine watasema serikali iweke sheria. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, miaka 40 kabla ya Google Glass. Hata hivyo siamini kama dawa iko huko moja kwa moja. Mwaka 2013 kule California dereva mmoja aliandikiwa kosa kwa kuvaa Google Glass akiwa barabarani. Januari 2014 kesi ikafutwa, kwa sababu hakukuwa na ushahidi kwamba kile kifaa kilikuwa kimewashwa. Sasa fikiria trafiki wa Tabora amesimama juani, wewe unapita na baiskeli, miwani nyeusi usoni. Atajuaje kama imewaka? Anayejua ni mmoja tu, na anapiga pedeli.

Mimi sipingi miwani yenyewe, msininukuu vibaya. Kuna kazi inazifanya vizuri. Garmin waliwahi kutoa kifaa cha kubana kwenye miwani mwaka 2016, Varia Vision, ambacho kiliweza kuunganishwa na rada ya nyuma ya baiskeli na kukuonesha kwamba kuna gari linakukaribia. Hiyo ni skrini inayokurudishia macho barabarani. Na kiliweza kubanwa mkono wa kulia au wa kushoto wa miwani, jambo ambalo kwa nchi kama yetu lina maana kubwa. Kamera nayo haina tatizo kama unaiwasha umesimama na kuisahau. Ile klipu ya Kwihara ingekuwa nzuri vilevile, pengine nzuri zaidi, kama angerekodi barabara na miembe yake kimyakimya, akafika kwenye tembe, akakaa kivulini, ndipo akasoma meseji zote anazotaka. Simulizi ni kwamba miembe mingi ya njia ile ilitokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Mti wa kupumzikia upo kila baada ya hatua chache, sijui haraka ilikuwa ya nini.

Kwa hiyo ukinipa miwani hiyo leo na baiskeli, ningefanya hivi. Meseji na simu zinazoingia nazima zote kabla ya kupanda, sio kupunguza, kuzima. Ramani naiangalia nikiwa nimesimama. Tabora sio Tokyo, ukikosa njia unamuuliza mtu. Mwendokasi hauna haja ya kuusoma, miguu itakuambia. Sauti masikioni, hapana, au chini sana, kwa sababu mwendesha baiskeli hana kioo cha pembeni, kioo chake ni sikio. Ile honi ndiyo iliyomuokoa staa wetu, na kama angekuwa ameweka muziki wake mwenyewe tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Usiku sivai kabisa. Ukishatoka mjini taa zinaisha, na jicho linahitaji hata nusu saa kuzoea giza sawasawa. Skrini inayowaka sentimita mbili kutoka kwenye mboni inakurudisha mwanzo kila inapowaka. Kuna baiskeli ngapi zisizo na taa barabara ile saa moja usiku, na watu wanaotembea kwa miguu? Hesabu mwenyewe siku ukipita.

Na helmeti. Hivi kweli? Mtu kavaa kifaa cha dola 799 kichwani, na hicho kichwa hakina kinga hata ya elfu hamsini. Wale wa Mashindano ya Dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza Afrika, walifungiwa barabara, hakuna lori wala bajaji, na bado kila mmoja alivaa helmeti. Staa wetu alikuwa na barabara wazi, lori nyuma, mkaa mbele, na kofia ya mitindo.

Kama na wewe unataka kununua, usianze na swali la kamera megapikseli ngapi. Muulize muuzaji skrini iko jicho lipi na kama inahamishika. Akisema kulia, haihamishiki, basi ukiwa kwenye baiskeli huku kwetu umenunua kamera na spika. Skrini kaizime, uiwashe ukishaegesha.